Kompyuta Iliyowaka kwa Guelor Tu

Nyuma ya soko la Kenya, komini moja ya hapa Lubumbashi na si ile nchi, kuna mtaro ambao mimi nauchukia kama mtu anavyomchukia jirani mbaya. Hauna kifuniko. Mvua ikinyesha saa moja tu unajaa maji ya vyoo, matumbo ya samaki, nepi za watoto na viatu visivyo na wenzake, na watu wanauruka huku wakitafuna mikate. Wakati wa uchaguzi mheshimiwa fulani hufika kuahidi kuufunika, hupigwa picha akiwa ameziba pua, kisha haonekani tena. Ningependa mapenzi ya Katungu na Guelor yaanzie mahali pengine, katika harusi ya mtu au mbele ya kanisa, lakini yalianzia mtaroni na siwezi kudanganya.

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa tatu, mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi na Bukavu ikafuata. Katungu alikuwa ametoka kwenye ghala la mjomba wake Kasereka, mfanyabiashara wa maharage kutoka Butembo, ambaye tangu njia za mashariki zifungwe alibaki na magunia ya zamani yaliyojaa fukusi. Dada huyo alivaa kitenge cha manjano chenye ndege wa kijani, nywele zimesukwa mistari myembamba, na kifuani amekumbatia kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Pikipiki mbili zilikuwa zinashindana. Moja ikamsukuma hadi ukingoni, mguu ukateleza, na mikono yake ikapaa juu pamoja na kompyuta.

Kando ya mtaro palikuwa na kibanda cha mabati chenye meza moja, na nyuma ya meza alikaa fundi wa kompyuta aitwaye Guelor. Aliruka. Alikuwa na nafasi ya kudaka kitu kimoja tu, akadaka kompyuta. Katungu akaingia mtaroni mpaka magotini.

“Umekamata machine,” alisema akiwa bado mle ndani. “Miye umeniacha.”

“Mama, weye utanawa,” Guelor akajibu. “Hii ikiingia mu mayi, haiwezi kunawa.”

Lilikuwa jibu la kutukanwa, na Katungu alikuwa na matusi tayari. Lakini Guelor aliweka kompyuta mezani, akamvuta kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kiti chake, akaleta bidoni la maji na kipande cha sabuni. Akapiga magoti. Alivaa kombinezo la bluu, vazi la kazi alilorithi kwa baba yake, lililofuliwa hadi likawa rangi ya maziwa, na shingoni alining'iniza flashi kwa uzi mwekundu. Utumbo wa samaki ulikuwa umejiviringisha kwenye kifundo cha mguu wa Katungu. Aliutoa kwa vidole vyake, hakukunja uso, akaendelea kumwagia maji. Katungu ndiye aliyegeuza kichwa.

Kiatu kimoja kilikuwa kimezama. Guelor alimpa babushi zake, ndala za plastiki, kubwa kama mitumbwi, na Katungu akarudi nyumbani nazo. Lakini kabla ya kwenda, kwa kuwa alikuwa amekaa kwa fundi na kompyuta yake ilikuwa mgonjwa, alieleza ugonjwa wenyewe.

Mashine hiyo ilikuwa ya baba yake, mwalimu wa Goma. Mzee huyo alikuwa mtu wa utaratibu: kila karatasi ya familia aliipiga picha na kuihifadhi humo, vyeti vya kuzaliwa, hati ya kiwanja, na ripoti za shule za binti yake mdogo Benita tangu darasa la kwanza. Siku mji ulipoanguka alimpa Benita kompyuta, akaificha ndani ya gunia la unga wa muhogo, akamwambia aende kwa dada yake Lubumbashi. Yeye akabaki kulinda nyumba. Wiki moja baadaye nyumba iliporwa, karatasi zenyewe zikachomwa uani, na simu ya mzee ikaacha kuita. Benita alisafiri wiki tatu, kwa lori, kwa miguu, kwa boti mpaka Kalemie, halafu kwa lori tena. Alifika na gunia. Lakini kompyuta ikiwashwa ilikuwa inakwama katikati, haifunguki wala haizimiki.

Benita alikuwa na miaka kumi na minane, na mwaka huo ndio angefanya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Shule moja ya Katuba, komini ya jirani, ilikubali kumpokea, ila kwa sharti la ripoti za miaka miwili ya mwisho. Orodha ya wanafunzi wa mtihani ingefungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tisa. Bila ripoti hizo mwaka wake unapotea, na katika hali ile, nani angemhakikishia mwaka mwingine?

Guelor alisikiliza yote. Aliwahi kusoma Kasapa, chuo kikuu, miaka miwili akaishia njiani, na alijua kazi yake kuliko wengi waliomaliza. Akafungua mgongo wa kompyuta kwa bisibisi. Unga ulikuwa umeshika ukungu, ukawa ngozi ya kijani, na chini ya ngozi hiyo mende wakaanza kutoka. Walitoka wengi, wakubwa kwa wadogo, wengine bado weupe, wakakimbia juu ya meza, juu ya mikono ya Guelor. Mimi ningetupa kompyuta mtaroni na kuhama mtaa.

Katungu aliona aibu kama amekutwa nao kichwani. “Ni ya mu bateau ya Kalemie,” alisema kwa sauti ndogo. “Kwetu hatukuwa na hii mende.”

“Hata kwetu beko mingi,” Guelor akasema, akiwafagia kwa mswaki wa meno. “Hawa wamekimbia vita, mama. Tubapokee.”

Katungu alicheka. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mwezi wa kwanza.

Kusafisha kulichukua wiki mbili, kwa sababu umeme ulikuwa unakuja saa mbili kwa siku, na kwa sababu Katungu alikataa kuiacha mashine. Kila asubuhi aliileta, akakaa nayo mpaka jioni, akarudi nayo. Alikuja na ungo na maharage, akawa anachambua fukusi huku Guelor akichokonoa unga kwenye vitufe. Watu waliopita walitazama wawili hao, mmoja na wadudu wake, mwingine na wadudu wake, na walijua kinachoendelea kabla wao wenyewe hawajajua. Siku moja Guelor alimletea viatu vipya vya kijani, saizi yake kabisa, akidai alivikadiria kwa macho siku ile ya mtaro. Katungu alivivaa. Babushi za plastiki alizibakiza nyumbani, akasema ni za kuogea.

Saa kumi na mbili jioni simu ya Katungu ililia kila siku.

“Allô, mama ya ndege. Umefika?”

“Nimefika. Na machine imefika.”

“Siko naulizia machine.”

“Weye ulikamata machine kwanza. Njo tabia yako.”

“Siku ingine nitakamata weye, chérie.”

“Siku ingine sitaanguka.”

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Katungu hakulilegeza. Guelor alimwomba mara mbili amruhusu kunakili zile karatasi kwenye flashi yake, ili zikae salama wakati anaitengeneza mashine. Alikataa mara zote mbili. Kule Goma jirani yao alichukuliwa kwa sababu ya jina lake lililokutwa kwenye karatasi ndani ya mkoba wa mtu mwingine, na hakurudi. “Kartasi ya baba haiingiake mu kitu ya mutu,” alisema, na uso wake ulijifunga kama duka. Guelor akaelewa, hakuomba tena.

Jumamosi ya wiki ya tatu alimwekea mashine mfumo mpya. Sehemu yenye karatasi hakuigusa, alibadilisha ule mfumo uliokufa tu. Alifanya kama alivyofanya siku zote: flashi yake, ambayo ndani yake alibeba mfumo wa Linux na vifaa vyote vya kazi, aliichomeka kwanza bila kuivua shingoni, akainama juu ya meza kwa sababu ya ufupi wa uzi, na kuanza. Wingu jeusi lilikuwa limeshuka juu ya Katuba na alitaka kumaliza kabla umeme haujakatika. Mwishoni kompyuta ikamuuliza swali moja. Wakati huo Katungu alisimama kufunga upya kitenge chake. Guelor akajibu swali bila kulisoma. Mafundi wote hufanya hivyo, na kila mmoja ataapa kwamba hajawahi.

Mashine iliwaka vizuri. Katungu aliona ripoti za Benita kwenye kioo, na mwandiko wa baba yao pembeni, akaweka mkono mdomoni. Guelor akachomoa flashi, akamfungia mashine kwenye plastiki, na Katungu akaondoka akipepea.

Nyumbani haikuwaka. Kioo kilibaki cheusi, na juu kabisa mstari mmoja mweupe wa Kiingereza ukasema hakuna chombo cha kuwashia. Aliijaribu Jumapili nzima. Jumanne, mjomba alipomwachilia kutoka ghalani, aliirudisha. Guelor, kwa mazoea, akachomeka flashi kwanza, akabonyeza, na mashine ikawaka kama haijawahi kuugua.

“Unaona,” akasema akijipumbaza. “Inanizoea. Ikiniona inaamuka.”

Katungu alicheka, ila cheko lilikuwa fupi. Alimuuliza kama ana hakika, Guelor akasema ana hakika, pengine ni chaja ya nyumbani, pengine ni umeme wa kwao. Mwanaume asiyejua hutaja umeme. Ukweli ni kwamba alifurahi kumwona, na furaha ilimziba akili. Tena alikuwa na aibu yake ya siri: tangu Jumapili flashi yake ilikuwa imeharibika. Kila mashine ya mteja aliyoichomekea ilikataa, ikatoa kosa na namba ndefu, na alikuwa amewarudisha watu watatu kwa visingizio.

Jumatano Katungu na Benita walipanda basi mpaka Katuba. Karani wa shule alikuwa mwanaume mnene mwenye kijiti mdomoni. Alichokonoa jino, akatazama alichokipata, akakirudisha. Katungu alifungua kompyuta juu ya meza yake ili amwonyeshe ripoti, zikachapwe hapo jirani. Kioo kikabaki cheusi. Alizima, akawasha. Kikabaki cheusi na mstari wake mweupe.

Yule mtu alimtazama Benita kuanzia viatu mpaka nywele, polepole. “Batu ya Goma,” akasema, “kila siku histoire, kila siku hadithi. Kila mutu alikuwa na kartasi, kila mutu ilichomwa. Ijumaa saa tisa ninafunga.” Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto anaweza kurudi peke yake wazungumze vizuri. Katungu alifunga kompyuta, akamshika mdogo wake mkono, na alipofika nje alitema mate chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele za watu.

Alikwenda moja kwa moja kwa Guelor. Alipokaribia kibanda alisikia sauti ya Clovis, fundi mwingine, mwenye meza yake karibu na kanisa, ambaye alipenda kuja kuegemea meza za wenzake na kutema maganda ya karanga.

“Ule wa Goma atarudi tena?” Clovis alikuwa anauliza. “Mi nakuelewa, mon vieux. Client muzuri banamutengenezeaka mara moja? Unaacha kidogo yenye haitembei, anakuya, anakaa, unaangalia miguu.”

Na Guelor alicheka.

Alicheka kwa sababu kama hangecheka angeulizwa kazi zinakwendaje, na angelazimika kutaja flashi. Hiyo ndiyo sababu yote, na ni sababu ya kipumbavu. Lakini Katungu alisikia cheko tu. Alisikia pia “ikiniona inaamuka”, alisikia simu za saa kumi na mbili, akaona yule mtu wa Katuba na kijiti chake, na wote wakawa mtu mmoja. Alikwenda nyumbani, akachukua zile babushi za plastiki, akarudi. Clovis alikuwa ameondoka. Katungu alizitupa mezani katikati ya bisibisi.

“Mudogo wangu iko napoteza mwaka,” alisema. “Baba yangu siyui kama iko muzima. Na weye unachezea machine juu nikuye unione.”

“Katungu, sikuchezea kitu. Lete nione.”

“Usiguse.” Hakupaza sauti. “Siku ya kwanza nilifikiri ni mutaro njo inanuka. Kumbe ni weye.”

Guelor alinyoosha mkono kuichukua kompyuta, naye akarudi nyuma kama mtu anayeogopa kuguswa na mwenye ukoma. Akaondoka. Simu ya saa kumi na mbili haikupokelewa, wala ya saa moja, na kisha namba ya Guelor ikafungiwa.

Alhamisi asubuhi mama mmoja wa kwaya, Laurentine, alileta kompyuta yake iwekewe mfumo. Guelor hakuwa amelala. Alichomeka flashi, na lile kosa likatokea tena: hakuna chombo chenye namba hii, na namba yenyewe, herufi na tarakimu, ndefu kama mkia wa panya. Safari hii, kwa kuwa hakuna mtu wa kumchekea, aliisoma. Ilianza na saba, herufi C, nne, moja. Aliikumbuka. Ndiyo hiyo hiyo ya Jumapili na ya Jumatatu. Mashine tofauti, watu tofauti, na flashi inatafuta kitu kimoja.

Akakaa chini. Kompyuta ikiwashwa, kabla ya yote hutafuta kipande kidogo cha maagizo kinachoiambia mfumo uko wapi. Mafundi hukiita démarreur. Kinapaswa kukaa kwenye diski ya mashine yenyewe. Jumamosi, mashine ya Katungu ilimuuliza akiweke wapi, kwenye orodha palikuwa na majina mawili yanayofanana, na jina la juu lilikuwa la flashi. Alikuwa amekiweka shingoni mwake. Kwa hiyo mashine ya Katungu isingewaka popote duniani isipokuwa flashi ikiwa imechomekwa, na flashi nayo isingewasha chochote isipokuwa mashine ya Katungu.

Aliandika namba kwenye kiganja kwa biki, akamwomba Laurentine radhi, akakimbia mpaka ghalani. Alimkuta Benita peke yake, amekaa juu ya gunia, macho mekundu. Yaya, dada yake mkubwa, amekwenda kwa Clovis, alisema, maana hakumjua fundi mwingine wa karibu. Clovis ameahidi kuimaliza kabla ya saa sita, na kwamba hakuna kitakachopotea.

Guelor alimjua Clovis. Clovis alikuwa na dawa moja kwa magonjwa yote, kufuta kila kitu na kuanza upya, na mteja akilia alimwambia diski ilikuwa imekufa zamani. Wakakimbia wote wawili, Benita mbele.

Pale karibu na kanisa watu wapatao kumi walikuwa wamesimama, wateja na wavivu. Kompyuta ilikuwa wazi mezani. Clovis alikuwa anasubiri umeme utulie, kidole kikiwa juu ya kitufe, maganda ya karanga yakiwa yamenata mdomoni. Katungu alimwona Guelor, akasimama mbele ya meza.

“Siigusi,” Guelor alisema akihema. Akaivua flashi shingoni. Hakuna aliyewahi kumwona bila flashi hiyo, na uzi ulikuwa umemwachia alama ya jasho. “Chomeka weye mwenyewe. Mukono yangu iko huku.” Akaiweka mikono yote miwili nyuma.

Katungu aliichukua kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota kitu chooni. Akachomeka. Akabonyeza. Mashine ikawaka.

“Unaona,” alisema kwa uchungu. “Inawaka paka kwako, kwako tu.”

“Ngoja. Itoe sasa, uweke ku machine ya Clovis.”

Clovis akabisha, watu wakamzomea, akaachia. Katungu akachomeka flashi kwenye mashine ya Clovis. Kosa likatokea, na namba. Akachomeka kwenye mashine ya mteja mmoja aliyekuwa anangoja. Kosa, na namba ileile. Guelor akafungua kiganja chake, na namba ilikuwa humo, jasho limeilainisha lakini inasomeka. Akamwomba Benita airudishe flashi kwenye mashine ya baba yao, aiwashe, na aandike maneno atakayomtajia, ili mashine iseme namba ya diski yake. Benita akaandika. Namba ikatokea, akaisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, dada yake akifuatisha kwenye kiganja cha Guelor kwa kidole. Zilifanana mpaka mwisho.

“Tangu samedi, siku nilitengeneza yako, hii flashi haina kazi,” Guelor akasema. “Kila machine ya batu inakataa. Iko natafuta paka machine ya kwenu tu. Sikukuchezea, Katungu. Nilikosea. Iliniuliza niweke démarreur wapi, na sikusoma, juu nilikuwa nakuangalia weye.”

Clovis akacheka, akawaambia watu wasikie, fundi anakiri kosa mbele ya wateja. Mwanaume aliyekuwa ameacha mashine yake kwa Guelor wiki iliyopita akasema kumbe, basi ataifuata leo hii. Katika kazi ile unaweza kuharibu mashine za mtaa mzima na bado ukala, mradi usiseme. Guelor alijua hivyo alipofungua mdomo.

“Na kule kucheka?” Katungu akauliza. “Jana. Nilikusikia.”

“Nilicheka,” Guelor akasema. “Nilikuwa na haya juu ya flashi. Ile cheko inanichukiza mi mwenyewe.”

Katungu akasogea kando ya meza, akampisha.

Kazi yenyewe haikuzidi dakika tano. Guelor aliketi, akasoma kila sentensi ambayo mashine ilimuuliza, safari hii kwa sauti, na akaweka démarreur mahali pake. Katungu ndiye aliyechomoa flashi. Akazima. Akawasha. Watu waliegemeana. Kioo kilikaa cheusi kwa muda ambao Benita alifumba macho, halafu kikawaka, peke yake, bila kitu chochote pembeni.

Ijumaa walikwenda Katuba watatu, ripoti zikiwa zimechapwa. Guelor alisimama karibu na meza ya yule karani, amevaa kombinezo lake, na safari hii mtu yule hakumtazama Benita chini wala juu. Alizichukua ripoti kwa vidole vyenye mafuta ya andazi, akaacha alama kwenye jina la baba yao, akapiga muhuri upande, akazirudisha. Jina la Benita likaingia kwenye orodha saa saba na nusu. Nje, Katungu alifuta ile alama ya mafuta kwa ncha ya kitenge, lakini haikutoka.

Jioni, saa kumi na mbili, hakuna aliyepiga simu. Badala yake Katungu alikuja mwenyewe kibandani na kompyuta kifuani. Mvua ilikuwa imenyesha na mtaro umefurika. Meza ya Guelor haikuwa na kazi hata moja. Alikuwa anajiandaa kuifuta flashi ili aijaze upya. Zile babushi zilikuwa bado pale zilipotupwa. Katungu akavua viatu vyake vya kijani, akazivaa babushi, akakaa.

“Nimempigia baba,” alisema. “Haipatikani.”

“Kesho utapiga tena.”

“Nitapiga.” Akaifungua kompyuta. “Usifute bure. Weka kartasi ya baba humo. Byote. Hii machine imezeeka, siku moja itakufa kweli.”

Guelor alishika flashi bila kuichomeka. “Ulisema haiingiake mu kitu ya mutu.”

“Nilisema. Na ikiingia, hiyo flashi haitaingia tena ku machine ya mutu mwingine.”

“Katungu, niko na hii moja tu. Njo kazi yangu.”

“Najua.”

Guelor alitazama meza yake tupu, akatazama mtaro, ambapo nepi ya mtoto ilikuwa inazunguka pale pale bila kuondoka. “Basi nitatafuta ingine ya kazi,” akasema. “Hii naibeba mpaka lini?”

“Mpaka baba akuye. Utamurudishia weye mwenyewe, mu mukono. Na utamuambia unaitwa nani, na unatoka kwa nani, na unataka nini kwake.”

Guelor alichomeka flashi, akasoma swali ambalo mashine ilimuuliza, akalisoma tena, ndipo akajibu. Vyeti vikaanza kupita kimoja kimoja, na Katungu akaishika kompyuta mapajani ili isitikisike. Mtaro ulikuwa unanuka vilevile, na hakuna kati yao aliyesogeza kiti.